Shajara ya mradi: kikoba chetu na malengo yasiyosubiri Januari

Naiweka shajara hii kwa vikundi vitakavyotaka kuiga. Mimi ni katibu wa kikoba cha akina mama hapa Kihonda, Morogoro. Tuko ishirini na wawili: wenye genge, vitumbua, mitumba, saluni na cherehani, walimu wawili na nesi mmoja. Tunakutana Jumapili saa kumi jioni, tunanunua hisa, tunakopeshana, sanduku lina kufuli tatu na kila ufunguo uko kwa mtu wake. Hayo wanakikoba mnayajua, siyarudii. Jipya ni kurasa za nyuma za daftari, ambako tumeanza kuandika malengo ya kila mtu na kuyakagua mwaka mzima. Nitaongeza habari kila hatua ikikamilika.

14 Januari 2024: Kuanza

Wazo lilitoka kwenye sanduku lenyewe. Wakati wa kupanga karatasi za mwaka jana tukakuta ile ya maazimio ya Januari 2023, na mwenyekiti akaisoma kwa sauti. Kununua kiwanja. Kuacha kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa. Kupunguza mwili. Kumaliza msingi. Kuacha hasira. Watu wakacheka mpaka chai ikamwagika, maana hatukuandika majina na hakuna aliyekumbuka lipi lilikuwa lake.

Mweka hazina ndiye aliyekata kicheko. Akauliza: kwa nini tunaapa mambo ya pesa mwezi ambao hakuna mwenye pesa? Na kweli. Ada ya shule za serikali ilifutwa 2016 mpaka kidato cha nne, lakini sare, viatu, begi na madaftari vinanunuliwa vilevile, na mwenye mtoto shule ya binafsi ndiyo usiseme. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita. Wanaolima mpunga wako kwenye kutoa tu: trekta, mbegu, vibarua. Mtu anaahidi kuweka akiba huku mfukoni hana hata ya daladala, halafu mwezi wa pili anajiona hana msimamo.

Tumekubaliana kuukata mwaka vipande vinne kwa kufuata pesa inavyoingia na kutoka hapa kwetu: Januari mpaka Kwaresima na Ramadhani, masika, mavuno, kisha vuli mpaka Desemba. Kila kipande kinapoanza, mtu anaandika lengo moja la pesa na moja la mambo mengine, kwa jina lake. Kipande kikiisha tunasoma.

Gharama: kaunta buku sh. 4,500, kalamu mbili sh. 1,000. Jumla sh. 5,500 kutoka mfuko wa jamii, yaani fungu la kusaidiana lililo nje ya hisa.

3 Machi 2024: Malengo yasiyo na miguu

Ukaguzi wa kwanza, kabla Ramadhani haijaingia. Matokeo mabaya. Wengi hawakuwa na la kusema, na wawili walituma salamu kuwa wanaumwa. Nasikia mmoja alionekana sokoni Mawenzi jioni ileile, akichagua nyanya, mzima kabisa.

Tulipoyapitia tukaona malengo ni yaleyale ya 2023, tofauti ni kwamba sasa yana majina. "Kuongeza akiba." Akiba kiasi gani, siku gani, inatoka mfuko upi? Mwalimu wetu mmoja alitukumbusha jambo alilolisoma chuoni: mwanasaikolojia wa Kijerumani, Peter Gollwitzer, aliandika mwaka 1999 kwamba mtu anayepanga mapema "likitokea jambo fulani, nitafanya hivi" hutimiza lengo lake zaidi ya yule anayesema tu "nataka". Tukaamua kila lengo liandikwe upya kwa mtindo huo, pale pale kwenye kikao. Ilituchukua mpaka giza likaingia.

Ukurasa wa muuza vitumbua ndio umekuwa mfano wetu. Mwanzo aliandika: "Kuweka akiba ya jiko la gesi." Sasa unasomeka hivi: "Nikishauza sahani ya mwisho, kabla sijafua kitambaa cha meza, 2,000 inaingia kwenye kibubu. Siku nikirudi na vitumbua, inaingia 500." Hiyo sentensi ya pili aliidai mwenyewe, na naiona ni ya thamani kuliko ya kwanza. Siku mbaya imeshatengewa nafasi, kwa hiyo haivunji mpango.

Jambo lingine tuliligundua kwa bahati. Kwaresima imeanza 14 Februari, Ramadhani inakuja wiki ijayo, na miezi hii harusi hakuna. Hakuna kadi ya mchango, hakuna kitchen pati, hakuna sare ya kitenge cha kamati. Kwa Waislamu kuna gharama ya futari, ni kweli, lakini kwa wengi wetu huu ndio upenyo mzuri zaidi wa akiba katika nusu ya kwanza ya mwaka, na miaka yote ulikuwa unatupita hatuna habari. Anayeiga aanze na hili: chora kalenda ya michango ya eneo lako kwanza, malengo baadaye.

21 Aprili 2024: Faini

Hapa ndipo mradi ulipokaribia kufa.

Machi baadhi yetu walisema bila adhabu watu hawatakuwa makini, na kikoba kina mazoea ya faini: ukichelewa faini, simu ikiita faini. Tukapitisha sh. 1,000 kwa lengo lisilotimia. Idi imepita, tumekaa, tumesoma, na karibu kila mtu ametimiza. Makofi. Kisha nikaanza kuandika malengo ya masika na mkono ukawa mzito. "Kunywa maji kila siku." "Kuweka 200 kila wiki." "Kuhudhuria kikao." Mama mmoja mtu mzima, mwenye mitaji miwili na nyumba ya kupangisha, lengo lake la masika nzima ni kununua ndoo.

Nilimuuliza, "Mama, ndoo?" Akajibu bila kupepesa, "Katibu, ndoo nitanunua. Faini yako siitaki."

Alikuwa sahihi kuliko sisi. Faini ya kuchelewa inafanya kazi kwa sababu mtu hawezi kujipangia saa nyingine ya kikao. Lengo analipanga mwenyewe, kwa hiyo ukiliwekea faini analishusha mpaka liguse sakafu.

Marekebisho: faini ya malengo imefutwa, na waliotoa wamerudishiwa. Badala yake kuna swali moja analoulizwa asiyetimiza: "Ulikwama wapi?" Jibu linaandikwa. Hakuna ushauri siku hiyo, hakuna mahubiri, na mwenyekiti ana ruhusa ya kumkatisha anayeanza na "mimi kwa uzoefu wangu". Naongeza baadaye: safu ya "ulikwama wapi" ndiyo imekuwa na faida kubwa kuliko safu nyingine zote daftarini, kama mtakavyoona Juni.

Malengo ya masika tumeyafanya madogo makusudi, lakini kwa sababu nyingine. Aprili na Mei mvua ikinyesha mfululizo genge halifunguki, mitumba haianikwi, wateja wa saluni hawataki kusukwa halafu walowe. Kipande hiki ni cha kulinda mtaji usiliwe. Aliyeandika "mtaji wangu wa 180,000 uwepo wote Juni" ameandika lengo kubwa, hata kama halionekani.

Kwa malengo yasiyo ya pesa, nesi ametupa tahadhari. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa London, uliochapishwa 2010, uliwafuatilia watu waliokuwa wakijenga tabia ndogo kama kunywa maji au kukimbia kidogo kila siku. Kwa kawaida ilichukua kama siku 66 mpaka tabia ishike yenyewe, lakini kwa mmoja zilitosha 18 na kwa mwingine zilikadiriwa 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Basi wanaotembea asubuhi kuelekea barabara ya Dodoma waendelee, na aliyelala leo asijihesabu ameanguka.

Gharama: sifuri. Hasara: faini tulizorudisha na uso wangu mbele ya yule mama.

30 Juni 2024: Hapa ndipo mwaka wetu unapoanza

Kesho serikali inaanza mwaka wake wa fedha. Wiki ijayo inaingia Muharram, mwaka 1446 wa Hijria. Katikati ya Julai watu wa Makunduchi kule Unguja watakuwa kwenye Mwaka Kogwa wao. Mweka hazina, ambaye asili yake ni huko, amesema mwaka mpya upo mwingi na kila mtu ajichagulie unaomfaa. Wa kwetu ni huu. Mpunga umevunwa, vibarua wamelipwa, wanunuzi wako mitaani, na kikoba kimepokea hisa nyingi kuliko miezi yote iliyotangulia. Malengo makubwa tumeyahamishia hapa: kiwanja, tofali, cherehani ya pili, bima ya afya.

Sasa ile safu ya "ulikwama wapi". Nimeisoma yote kwa mkupuo na neno moja limejirudia: kausha damu. Wanachama wanne tofauti walikwama hapo, wakiwemo wawili ambao lengo lao lilikuwa kuacha hiyo mikopo. Hesabu ya dada mwenye saluni, kwa ruhusa yake: alikopa 200,000, marejesho 9,000 kila siku kwa siku 30. Amelipa 270,000. Kwetu angechukua kiasi hicho hicho kwa asilimia 5 kwa mwezi, miezi mitatu, akalipa 230,000 bila mtu kumfuata dukani mbele ya wateja.

Tulitaka kumuuliza kwa nini. Mwenyekiti akakumbusha swali ni moja tu, alikwama wapi. Jibu: "Mtoto aliugua Jumanne. Nyie mnafungua sanduku Jumapili."

Kikao kilinyamaza kidogo. Muda wote tulidhani ni udhaifu wa moyo, kumbe ni ratiba. Kausha damu wanatoa siku hiyo hiyo. Sisi tuna riba nafuu iliyofungiwa ndani ya sanduku mpaka mwisho wa wiki.

Marekebisho: sh. 150,000 zimetoka kwenye mfuko wa jamii na kuwekwa kwenye laini ya simu inayoshikwa na mweka hazina. Mwanachama mwenye dharura anapiga simu, anapata mpaka 50,000 siku hiyo akiidhinishwa na wawili kati ya washika funguo watatu. Hailipiwi riba. Inarudi ndani ya wiki tatu, na makato ya kutuma na kutoa ni juu ya mkopaji. Hili limebishaniwa sana, hasa suala la laini kuwa kwa jina la mtu mmoja. Tumeafikiana kila Jumapili anaonyesha salio kwa kikao kizima kabla sanduku halijafunguliwa.

Pia tumejaribu lengo la pamoja. Kwa kuwa msimu huu wengi wanaweka na wachache wanakopa, pesa inalala. Tumenunua magunia 12 ya mpunga kwa 75,000 kila moja, tuyauze bei ikipanda. Mpunga 900,000, magunia mapya 18,000, usafiri 60,000. Yamehifadhiwa chumba cha mwanachama bila kodi.

6 Oktoba 2024: Mpunga umeloa, na ruhusa ya kubadili lengo

Nianze na mpunga. Tuliyapanga magunia juu ya sakafu ya saruji, tukiona ni pakavu. Saruji inapandisha unyevu. Gunia moja la chini limeota ukungu nusu nzima, tumeliuza lote kwa wafuga kuku kwa 30,000. Tumenunua mbao za chaga kwa 25,000, magunia yameinuliwa na kusogezwa mbali na ukuta. Anayeiga anunue chaga siku ya kwanza.

Mfuko wa dharura unafanya kazi. Umeshatumika mara kadhaa: hospitali, msiba, na luku ya saluni iliyokatika siku ya wateja. Ule wa luku ulizua mjadala kama ni dharura. Nadhani ni dharura, mwenyekiti hadhani hivyo, tumeliacha. Deni moja lilichelewa, likarudi. Kati ya wale wanne, watatu hawajagusa kausha damu tangu Juni. Wa nne amegusa, kwa sababu alihitaji zaidi ya 50,000, na hilo bado hatuna dawa yake.

Kilichochukua muda mrefu ni suala la kubadili lengo. Mwanachama aliyeandika kiwanja mwezi Juni amesema hakitaki tena. Mama yake amevunjika nyonga, yuko naye nyumbani, na anataka pesa ile iende kwenye kujenga choo cha ndani. Wengine wakasema sheria ni sheria. Nilipinga, na naandika sababu yangu hapa kwa sababu tutaulizwa. Lengo la mwezi wa sita limeandikwa na mtu aliyejua mambo ya mwezi wa sita. Tukimlazimisha kulibeba mpaka Desemba tunarudi kulekule kwa Januari, ambako mtu anafungwa na neno lake la zamani au analikimbia. Faida yote ya kukagua kila msimu ni kwamba mtu anapata siku halali ya kusema mambo yamebadilika.

Tulipopiga kura, kubadili kulipita, kwa masharti: linabadilishwa kikaoni, sababu inaandikwa, na la zamani linakatwa mstari mmoja ili lisomeke. Ukurasa haufutwi, hauraruliwi. Sasa ukifungua ukurasa wake unaona "kiwanja Mkundi" kikiwa na mstari katikati, chini yake "choo cha ndani, tofali 400, mlango mpana", na pembeni kwa wino wa kijani: "mama".

Mwalimu wetu ameongeza kwamba watafiti Hengchen Dai, Katherine Milkman na Jason Riis walionyesha 2014 jinsi watu wanavyojituma zaidi penye alama ya mwanzo wa muda: mwanzo wa wiki, wa mwezi, wa muhula, siku zinazofuata kumbukumbu ya kuzaliwa kwao. Sisi tumejipa mianzo minne. Nimeona tofauti hiyo kwa macho: waliochoka Septemba wameamka leo.

15 Desemba 2024: Kuvunja

Vikoba vingi huvunja mfuko Desemba, yaani hugawana akiba na faida, na sisi miaka yote tumefanya hivyo. Mgao unatoka, Krismasi inaula, shule zikifunguliwa watu wanarudi kukopa, na wengine wanakopa pale pale walipotoka. Ukisoma daftari la malengo unaona wazi kwamba Desemba yetu ndiyo inayoiumba Januari yetu.

Pendekezo langu lilikuwa kuhamishia mgao wote Julai. Limeanguka vibaya. "Katibu unataka tule Krismasi na daftari?" Sawa. Mwenye mgao wake ana haki ya kusuka nywele na kununua mbuzi.

Kilichopita ni hiki: kila mtu anachagua leo sehemu ya mgao ibaki sandukuni mpaka Jumapili ya kwanza ya Januari, itoke ikiwa na jina la kazi yake: sare, kodi, ada. Si lazima. Kwa kuwa inagusa katiba tulihitaji theluthi mbili, tukazipata kwa tabu, na muhtasari tumeupeleka kwa afisa maendeleo wa kata, kwa sababu vikundi kama vyetu vimesajiliwa chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 na hatutaki maswali baadaye. Zaidi ya nusu wameacha kitu. Mama wa ndoo ameacha kikubwa kuliko wote, na hajasema ni cha nini.

Gharama: nakala na nauli ya kwenda kata, sh. 6,000.

19 Januari 2025: Hesabu

Akiba ya Januari ilitoka tarehe 5. Maombi ya mikopo ya mwezi huu ni machache kuliko nilivyozoea kuandika, ingawa mwaka mmoja hautoshi kusema ni kwa sababu ya hilo.

Mpunga umeuzwa wiki iliyopita, magunia 11 kwa 100,000. Mapato pamoja na lile lililoharibika ni 1,130,000; gharama zote 1,003,000; faida 127,000. Msishangilie. Ile 900,000 ingekuwa inazunguka kwenye mikopo yetu kwa asilimia 5 kwa mwezi, miezi sita ingeleta 270,000. Wanaotetea mpunga wanasema Julai wakopaji hawakuwepo, na ni kweli kwa miezi miwili ya mwanzo. Kuanzia Septemba walikuwepo na tukawaambia wasubiri. Mwaka huu tukinunua tutanunua nusu, na tutauza mwanzoni mwa vuli, hata bei ikiwa haijafika kileleni.

Gharama za mradi wenyewe ukiacha mpunga: kuanza 5,500, kata 6,000, daftari la pili 4,500. Jumla sh. 16,000 kwa watu 22.

Jiko la gesi la muuza vitumbua lipo. Choo cha ndani kimefika lenta, kimesimama. Mtaji wa 180,000 ulibaki 150,000 masika ilipoisha, na mwenye nao anaona alishinda. Waliotaka kupunguza mwili wengi hawajapunguza, lakini kundi la kutembea asubuhi bado lipo na limepata mbwa wa kuliogopa.

Yanayobaki: dharura ya zaidi ya 50,000, na laini ya simu kuwa kwa jina la mtu mmoja. Tunaulizia namna ya kusajili laini kwa jina la kikundi. Ramadhani mwaka huu inaanza mwanzoni mwa Machi na Kwaresima inaanza tarehe 5 mwezi huohuo, kwa hiyo ukaguzi tumeuwahisha: Jumapili 23 Februari, saa kumi, na kila mtu aje na kalenda ya michango aliyokwisha kuahidi.